Baada ya Arosto Kuisha

"Atamaliza lini?" Hilo ndilo swali ninaloulizwa kila ninapomwambia mtu kwamba mdogo wangu anakunywa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa unga, yaani heroini. Shangazi ameuliza, jirani wa ukuta mmoja ameuliza, na hata sheha wetu, mtu mwenye busara zake, aliuliza barazani huku kikombe cha kahawa kikimpoa mkononi. Wote wana picha ya mseto wa malaria: vidonge asubuhi na jioni, siku tatu, mgonjwa anainuka, habari imekwisha.

Maradhi ya mdogo wangu yako kundi moja na presha na kisukari, na hayo si maneno yangu. Mwaka 2000 McLellan na watafiti wenzake wa Marekani walichapisha hesabu ambayo ningependa ibandikwe ukutani kwenye kila nyumba yenye mtu anayetumia unga. Wanaorudia dawa za kulevya baada ya matibabu ni kati ya asilimia 40 na 60. Wagonjwa wa presha au wa pumu wanaozidiwa tena baada ya kuanza matibabu ni kati ya asilimia 50 na 70. Babu yetu alikuwa na presha, na alikuwa akila papa mkavu kwa siri mpaka anazidiwa, anapelekwa hospitali, anarudi, anakula tena papa. Hakuna aliyemtupia nguo zake nje. Hakuna aliyesema kwamba matibabu hayafai kwa kuwa babu karudia chumvi.

Ninaloliamini baada ya miaka ya kukaa na jambo hili ndani ya nyumba ni kwamba kurudi kwa mtu kwenye unga hakuamuliwi siku ile anapoushika. Kumekwisha kuamuliwa wiki au miezi kabla, na mambo ambayo mara nyingi yanaonekana hayana uhusiano: mshahara unalipwa vipi, mchana anaupitishia wapi, anameza vidonge gani vingine, nani anamfungulia mlango usiku.

Tuanze na lile ambalo kila familia ya pwani iliyoguswa na unga inalijua, yaani arosto, mateso ya mwili unaokosa unga. Zikipita saa 8 hadi 12 tangu kete ya mwisho ya unga, makamasi yanaanza kumtoka, mwayo juu ya mwayo, vinyweleo vinamsimama, kisha tumbo, kutapika, na maumivu ya mifupa yasiyompa pa kulala. Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya zaidi. Ikifika wiki, mwili umetulia. Sisi tulimfungia chumba cha nyuma, na uji, na ndoo, na vijana wawili wa jirani wakikaa mlangoni kwa zamu. Alipotoka alikuwa kakonda lakini anatazama watu usoni, na mama akapika biriani, akaita watu, maulidi yakasomwa.

Biriani ile ilikuwa tamu, siikatai. Lakini ililiwa mwanzoni mwa safari huku wote tukidhani tumefika. Arosto huisha yenyewe hata bila daktari. Na inapoisha huacha hatari ambayo kwenye maulidi haikutajwa: mwili uliopumzika unapoteza uzoefu wake. Kiasi cha unga alichokuwa akikibeba zamani bila shida sasa kinaweza kumsimamisha pumzi. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti wa jimbo la Washington, Marekani, uliowafuata watu waliotoka jela. Katika wiki mbili za mwanzo uraiani, hatari yao ya kufa kwa kuzidisha dawa ilikuwa mara 129 ya wakazi wengine wa jimbo hilo. Mara 129! Nikisikia kijana wa mtaani katoka Chuo cha Mafunzo, kama tunavyoiita jela huku Unguja, watu wanampongeza kwa kunenepa, na mimi nahesabu wiki hizo mbili. Dawa ya kumrudishia pumzi aliyezidiwa, naloksoni, ipo, na haileweshi. Kwenye maskani ninazozijua mimi, vijiwe vya watumiaji, kilichopo ni ndoo ya maji.

Halafu kuna mahali. Mfano ninaoupenda umetoka mbali kabisa, kwa askari wa Marekani waliokuwa vitani Vietnam. Mwaka 1971 serikali yao iliingiwa na hofu kwa sababu heroini ilikuwa rahisi na safi kule, na vijana walikuwa wakiitumia waziwazi. Mtafiti Lee Robins aliwafuatilia baada ya kurudi makwao. Karibu mmoja kati ya watano alikuwa amekuwa mraibu akiwa Vietnam. Katika miezi kumi ya mwanzo nyumbani, kati ya hao waliokuwa waraibu, asilimia 5 tu ndio walioingia tena kwenye uraibu. Baada ya miaka mitatu ilikuwa asilimia 12. Wengi wao hawakupata matibabu ya maana. Wapo wanaobeza kwamba wale walikuwa askari, walitumia kwa muda mfupi, na wengi walikuwa wakivuta badala ya kujidunga, na kwa kiasi wanasema kweli. Lakini linalobaki ni zito: walipanda ndege, na heroini, na wauzaji, na wenzao wa kutumia nao, na hofu waliyokuwa wakiizima, vyote vikabaki upande wa pili wa bahari.

Sisi tunafanya kinyume. Matibabu ndiyo yako mbali, na nyumbani ndiko uliko unga. Ukitoka mlangoni kwetu unapita msikiti, unapita duka la Mpemba, kona ya pili ni maskani. Kisiwa hiki hakina kona ya kumi.

Ndiyo maana familia nyingi huwapeleka vijana wao shamba, au Tanga, au kwa jamaa Maskati mwenye uwezo. Sisi tulimpeleka Pemba, kwa mjomba, msimu wa karafuu. Alikwea mikarafuu, alichambua, alianika, alilala akiwa hoi. Mjomba akipiga simu anasema kijana hana tatizo lolote, nyie mlikuwa mnamdekeza. Na kweli kule shambani alikuwa safi. Mchana ulikuwa na kazi, usiku ulikuwa na usingizi, na jirani wa karibu alikuwa bibi kizee wa kuuza mihogo. Msimu ukaisha, mjomba akamlipa fedha zake zote kwa mkupuo, kwa nia njema kabisa, ili arudi kwa mama yake na heshima mfukoni. Boti ilifika Malindi alasiri. Kufika Isha, sehemu kubwa ya fedha ya karafuu haikuwepo tena.

Baadaye alinieleza jambo ambalo limenisaidia kuliko semina zote. Anasema hamu haikumjia alipomwona muuzaji. Ilimjia ndani ya boti, alipokuwa akizihesabu noti. Kwa miaka, noti mkononi ilikuwa na maana moja tu, na mwili ulijifunza. Karatasi ya kung'aa ya ndani ya pakiti ya sigara, ile ya kuvutia unga, inamfanyia hivyohivyo: akiiona, tumbo linamsokota na makamasi yanamtoka, ingawa mwilini hamna unga wala arosto. Wataalamu wanalifahamu jambo hili na wanalitafutia dawa ya maneno, wanamfundisha mtu avitambue vichocheo vyake kabla havijamkuta. Ni mafunzo mazuri. Lakini kichocheo cha kwanza cha mtu maskini ni fedha, na huwezi kumwambia mtu aepuke fedha wakati huohuo unamwambia atafute kazi. Hapo ndipo mpangilio unapoingia, na nitaurudia.

Zanzibar tuna soba hausi, nyumba wanamoishi watu wanaojitoa kwenye unga, nyingi zimeanzishwa na watu waliowahi kutumia wenyewe, na nawavulia kofia. Zinafuata hatua kumi na mbili, njia iliyotoka kwa walevi wa pombe wa Marekani miaka ya 1930 na kuchukuliwa na watumiaji wa dawa za kulevya mwaka 1953 kule California. Huku imevaa kanzu. Mikutano inafunguliwa kwa dua, na kuna jamaa hutoa ushuhuda wake kama anahutubia Ijumaa. Mtu hupewa sponsa, mwenzake mkongwe wa kumshika mkono, hupewa zamu ya kupika na kufagia, huamshwa alfajiri. Siku inajaa kuanzia asubuhi hadi usiku.

Nimewatazama wanaotoka humo kwa muda mrefu, na kitu kimoja kinajirudia. Wale wanaobakia kama wahudumu, wanaopewa funguo za stoo na kundi la wageni wa kuwaangalia, hukaa safi. Wale wanaofanyiwa hafla ya kuagwa, wakapigwa picha na cheti na kurudi mtaani kukaa barazani bila kazi, wengi wao tunawaona tena. Watu husema wa kwanza wana imani zaidi. Mimi naona wana ratiba zaidi, na watu wa kuwauliza "mbona jana hukuonekana?" Wakipewa hivyo hivyo wale wa pili, nadhani tofauti ya imani ingepungua sana.

Kuna jambo moja katika nyumba hizo ambalo silipendi, na najua litanigombanisha na rafiki zangu. Ni hesabu ya siku. Mtu anahesabu siku zake safi, anapigiwa makofi akifikisha mwezi, miezi mitatu, mwaka. Vizuri. Akiteleza mara moja, usiku mmoja wa sikukuu, hesabu inarudi sifuri. Aliyekuwa mzee wa nyumba anakaa na wageni wa jana. Alan Marlatt, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeshughulikia jambo hili maisha yake yote, alionyesha jinsi kuteleza kunavyogeuka kuanguka: mtu anajiambia nimeshaharibu, sasa nizuie nini? Kete ya kwanza inatokana na hamu. Ya pili mpaka ya ishirini zinatokana na aibu. Mdogo wangu aliteleza siku ya pili ya Idd, baada ya Ramadhani nzima ya kufunga na tarawehe, na kilichomweka nje wiki tatu hakikuwa unga. Alikuwa akiogopa kuingia mkutanini na kusema "siku moja". Miezi aliyokaa safi ilikuwa imekwenda wapi? Ilimfundisha mengi, ilimpa mwili, ilimpa marafiki. Kuifuta kwa sababu ya usiku mmoja naona ni hesabu mbovu.

Sasa methadoni. Tanzania ilianza Februari 2011 pale Muhimbili, kisha Mwananyamala na Temeke. Kenya ikafuata mwishoni mwa 2014 Mathari, Nairobi, na baadaye Malindi na Mombasa. Sisi Zanzibar tuliipata 2015, Kidongo Chekundu. Ni dawa ya maji. Mtu anakunywa mbele ya mhudumu, kila siku ya Mungu, Idd mosi ikiwemo. Inakaa pale pale ubongoni unapokaa unga, lakini inaingia taratibu na inadumu zaidi ya siku nzima, kwa hiyo hakuna kupanda wala kushuka. Asiyependa husema katoka kwenye unga kaingia kwenye dozi. Nawaelewa. Ila wao hawakuwahi kuishi na mtu anayeamka alfajiri na arosto akiwaza nani wa kumwibia kabla ya saa tatu. Sasa anaamka, anakunywa chai, anakwenda foleni, saa tatu na nusu yuko kazini. Ukiuliza dawa inampa nini, jibu langu ni saa. Zile saa zote zilizokuwa zikiliwa na kutafuta fedha, kutafuta muuzaji, kutafuta pa kujificha, zimerudi kwake, na ni juu yetu zijazwe na nini.

Dozi ni jambo ambalo familia nyingi hazilielewi. Tunadhani dozi ndogo ndiyo dalili ya mgonjwa mzuri, tunamsukuma aombe kupunguziwa kila mwezi kama vile anashuka ngazi kuelekea mlango wa kutokea. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu aliyetulia kwenye tiba awe kati ya miligramu 60 na 120 kwa siku. Muhimbili waliwafuatilia wateja zaidi ya 600 wa miaka ya mwanzo. Baada ya mwaka mmoja waliobakia kwenye tiba walikuwa zaidi kidogo ya nusu, na waliokuwa kwenye dozi kubwa walibakia zaidi ya wale wa dozi ndogo. Wanawake nao walibakia zaidi kuliko wanaume. Hilo la wanawake linanikasirisha kwa namna ya pekee, maana foleni asubuhi ni ya wanaume tupu. Kijana wa kiume akitumia, watu husema amepotea na atarudi. Wa kike hana pa kurudi. Mtoto wake kachukuliwa na bibi, mume au mpenzi wake ndiye anayemletea kete, na soba hausi nyingi ni za wanaume. Wachache wanaofanikiwa kufika dirishani wanashikilia kuliko kaka zao, na bado tunajenga kila kitu kwa ajili ya kaka zao.

Niseme kuhusu kifua kikuu, maana hapa ndipo tulipokaribia kumpoteza.

Mwaka wake wa pili wa methadoni alianza kukohoa. Makohozi yakapimwa, ikaonekana TB, akaanzishiwa dawa. Ndani yake mna rifampisini, ile inayogeuza mkojo kuwa rangi ya chungwa. Kabla wiki mbili hazijaisha akaanza kupiga miayo usiku, kutokwa na jasho, kugeukageuka kitandani. Jasho la usiku ni la TB pia, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Halafu makamasi. Halafu vinyweleo. Mama alimtazama mara moja tu mezani, akanyanyuka, akaenda kuficha bangili zake. "Karudi," akaniambia jikoni. Na yeye mwenyewe aliamini hivyo. Alidhani moyo wake umeanza kutamani, akajichukia, na siku ya tano ya hali ile akaenda kona ya pili akanunua.

Kilichotokea kilikuwa ndani ya ini. Rifampisini hulifanya ini livunjevunje methadoni kwa kasi kubwa. Dozi iliyokuwa ikimtosha siku nzima sasa ilikuwa ikiisha kabla ya usiku. Alikuwa kwenye arosto halisi, ya mwilini, huku akinywa dawa yake kila asubuhi bila kukosa. Faili la TB lilikuwa chumba kimoja, la methadoni chumba kingine, na vyumba hivyo havikuwa vikizungumza. Aliyetuokoa ni muuguzi mmoja wa makamo aliyemuuliza swali ambalo halikuwa hata kwenye fomu: "Unameza na nini kingine, mwanangu?" Dozi ikapandishwa hatua kwa hatua, na katika siku chache kijana akalala usingizi. Dawa za TB zilipokwisha baada ya miezi sita, ikashushwa tena kidogo kidogo, maana ini likishaacha kukimbia, dozi ile kubwa inakuwa hatari kwa pumzi. Baadhi ya dawa za VVU, kama efavirenzi na nevirapini, hufanya jambo hilohilo. Dolutegraviri, ambayo wengi sasa wanaitumia, haina shida hiyo. Ukiwa na mtu wako kwenye methadoni na ukamwona anarudia dalili, kabla hujaficha bangili muulize anameza nini kingine, kisha mwende pamoja mkamwambie mhudumu. Na pombe na vidonge vya usingizi vitajeni vilevile, kwa sababu vikichanganywa na methadoni vinaua.

Mpangilio wetu wa sasa ni huu. Anafanya kazi gereji, kwa fundi anayejua kila kitu. Fundi anamlipa kwa wiki, na fedha inapita kwa mama. Yeye anabakia na nauli na ya chai. Aliomba mwenyewe iwe hivyo, na siku atakayotaka kuzishika zote tutazungumza tena. Hatumwekei mitego. Kuna wakati binamu mmoja aliacha noti mezani makusudi "kumpima", nikamfukuza yeye binamu. Jioni, saa ile iliyokuwa mbaya kwake, baina ya Magharibi na Isha, anafundisha watoto wa mtaa kutengeneza baiskeli uani kwetu. Uani panaharibika kwa grisi na mama analalamika kila siku.

Wapo wanaoniuliza sasa nitapumua lini. Kule California kulikuwa na utafiti uliowafuata wanaume 581 waliotumia heroini kwa zaidi ya miaka thelathini. Karibu nusu walikufa kabla ya utafiti kuisha. Waliobakia safi miaka mitano, uwezekano wao wa kurudi ulipungua sana; lakini hata katika waliofikisha miaka kumi na mitano, robo walirudi. Nausoma ule wa miaka mitano nikitaka faraja, na ule wa kumi na mitano nikianza kujisahau.

Mwaka huu mdogo wangu anataka kuoa. Nilimwambia mjomba, yuleyule wa karafuu, akienda posa asifiche kitu: unga, methadoni, TB, Idd ile. Alikwenda na mshenga, wakasema yote, na kwa mujibu wa mjomba baba wa binti alinyamaza mpaka kahawa ikaisha. Kisha akauliza kijana anaamka saa ngapi, anafanya kazi kwa nani, na mshahara anaupokea kwa siku au kwa mwezi.

"Kwa wiki," mjomba akajibu, "na anaupokea mama yake."

Mzee akasema basi mkewe aje azungumze na mama.